Misumari Minne ya Pazia

Mlowo, Ijumaa alasiri

Mwanangu Sekela,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo mbele ya watu, kwa hiyo hapa sitaziweka. Habari za kuamka mapema, kufagia uwanja na kumtii mama mkwe umeshaambiwa na shangazi zako tangu Jumatatu, mpaka juzi nilikuona unasinzia huku unaitikia. Mimi sina la kuongeza huko. Mimi ni fundi wa magari, na ninalotaka kukuandikia ni habari ya gari linalovuja.

Usicheke kwanza. Gari lenyewe unalijua. Ni lile la rangi ya maziwa alilokuja nalo baba mkwe wako kutoka Tunduma, na ndilo litakalokuchukua kesho asubuhi. Tangu lifike limeegeshwa hapa uwanjani kwangu, na mvua imelinyeshea siku mbili mfululizo. Fundi hawezi kupita kando ya gari asilitazame. Jana mchana, wazee walipokuwa ndani wanakula, nilifungua mlango nikakanyaga zulia, likatoa maji. Nikainua pembe yake. Ubao wa chini umeanza kulainika. Nilipoubonyeza kidole kiliacha alama. Kulikuwa na ile harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Halafu nikainua macho. Kati ya kiti cha mbele na kiti cha nyuma, nikaona pazia la kahawia limening'inia kwenye waya, na waya umeshikwa na misumari minne iliyopigiliwa kwenye mbao za dari, maana nalo ni gari la zamani la paa la turubai.

Nilikaa pale pale kwenye kiti chenye maji, Sekela.

Pazia lile limewekwa kwa ajili yako. Desturi yetu watu wa Ileje umekua ukiiona: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawagusani, na wakikutana njiani mwanamke huingia porini mpaka mzee apite. Walioanzisha desturi hiyo hawakuwahi kuota gari. Gari lilipokuja, watu wawili wanaokwepana maisha yao yote walijikuta ndani ya kisanduku kimoja, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni peke yangu niliyeipatia dawa. Kumbe baba mkwe wako naye amewaza vile vile. Hakulitundika kwa ubaya. Ametaka upande gari lake kwa heshima, usifunikwe shuka kama mzigo. Si mtu mbaya hata kidogo, na ndiyo taabu yenyewe.

Sasa nikwambie nililokuficha kwa miaka kumi. Mama yako hakufia hospitali ya misheni. Hakufika huko. Alifia njiani ndani ya gari langu, nyuma ya pazia nililolitundika mimi, na maji yaliyolizima gari yaliingilia kwenye misumari niliyoipigilia mimi kwa mkono huu unaoandika.

Niliporudi kutoka vitani nilikuwa na vitu vitatu: koti la jeshi, tochi, na kiburi. Nilikuwa nimeendesha malori ya jeshi nchi za mbali na kujifunza kuyatengeneza, basi niliporudi Iyula, tulikokuwa tukiishi wakati ule, sikuona wa kunifundisha kitu. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anarudi kwao, akaniuzia gari lake la zamani. Paa lake halikuwa bati tupu kama magari ya siku hizi. Pembeni lilikuwa bati, lakini katikati lilikuwa turubai jeusi lililowambwa juu ya mbao. Nililipenda gari lile kupita kiasi. Mama yako alikuwa akisema kwamba nikilipiga sabuni huwa naimba, lakini nikioga mwenyewe siimbi.

Babu yako alikuwa amezeeka huko milimani Ileje, nikamleta aishi nasi Iyula. Nikajenga kibanda chake upande wa pili wa migomba ili yeye na mama yako wasigongane. Ibada ya Jumapili ilikuwa mbali, na sikuweza kukubali mtoto mwenye gari amwache baba yake atembee kwa miguu. Wala sikutaka mke wangu atembee. Ndipo nikaleta wazo la pazia. Mama yako alilishona mwenyewe, kitambaa cha bluu, akasema, "Haya, sasa nitasafiri kama mali ya dukani." Alicheka, nami nikacheka, na babu yako alipoliona alinishika bega akasema, "Umenitunzia heshima yangu, mwanangu." Sikuwahi kusifiwa na baba yangu kabla ya siku ile, wala baada ya hapo.

Nilihitaji misumari ya inchi moja. Dukani hapa Mlowo ilikuwa imekwisha, nikachukua ya inchi mbili. Ncha zake zikapenya ubao na kutokeza juu ya turubai. Nikapanda, nikazikata kwa koleo, nikapaka rangi nyeusi juu yake, nikafuta mikono. Nikaona kazi imeisha.

Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalitokea mbele, miguuni pa babu yako. Nikaanza na kioo cha mbele, maana mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Nikakata tyubu ya baiskeli vipande virefu vyembamba, nikavibandika kwa solusheni kuzunguka kioo. Maji yakaja tena. Nikageukia milango. Nilipaka chaki kwenye ukingo wa mlango, nikaufunga, nikaufungua nikatazama ni wapi chaki imehamia kwenye mpira na ni wapi haikugusa. Penye pengo nikaongeza mpira. Kazi safi, ungeiona ungenisifu. Maji yakaja tena. Mwishoni nikawa naweka gunia chini na kulikamua kila jioni, na watu wakipita wakauliza, nawajibu, "Nalikausha tu kidogo." Nilikausha hivyo miezi miwili, mimi fundi.

Mama yako ndiye aliyechoka kuniona nakamua gunia. Akaniambia, "Baba Sekela, ulinisimulia kwamba jeshini mlikuwa mnatafuta tundu watu wawili wawili. Mimi nitakaa ndani." Akachukua tochi yangu akaingia, mimi nikabaki nje na kopo na ndoo. Unaanza chini, Sekela, hilo likumbuke. Ukianza kumwaga juu, maji yanateremka yanalowesha kila kitu, hutajua tundu lililoyaingiza ni lipi. Nikamwaga chini ya mlango. Nikauliza, "Yameingia?" Akajibu, "Bado." Nikapanda kidogo, usawa wa kitasa. "Bado." Kwenye kioo, taratibu, kopo moja baada ya jingine. "Bado." Nilifurahi sana kusikia zile bado zake, maana kila moja ilikuwa inasifu mpira wangu. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni pa jikoni unaitikia naye, "Bado, bado," bila kujua tunachokitafuta.

Nilipomwaga katikati ya paa, ile bado haikuja. Halafu akasema, "Njoo." Nikaingia. Alikuwa amebandua kitambaa cha dari kwa kidole, na tochi yake ilikuwa inamulika maji yaliyokuwa yanatambaa juu ya ubao, yakitoka kwenye msumari wa kwanza, yakienda mbele polepole, yakiteremkia kwenye nguzo ya kioo. Huko yalikuwa yanapita nyuma ya dashibodi, penye nyaya na koili, kile kikopo kinachoipa injini cheche za kuwakia, ndipo yanafika chini. Yalikuwa yanaingilia kichwani pake yeye na kutokea miguuni pa babu yako. Akasema, "Ni misumari yako."

Nikamwambia haiwezekani. Nilimwambia hivyo nikiwa nayatazama kwa macho.

Alinipa na dawa. Akasema tung'oe misumari, tushone kiraka kwenye turubai, na pazia tulifunge kwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Kamba tu, Sekela. Nikasema mzee ataona nimemfungia kamba ya kuanikia nguo. Nikasema atajua kwamba nyumbani tumekaa tukazungumza jinsi ya kumwondolea pazia lake. Mama yako alinitazama kidogo, akazima tochi ili betri isiishe, akaenda kuteka maji. Hakurudia tena neno hilo mpaka anakufa.

Nikarudi kwenye kupaka, safari hii si rangi. Nikapaka lami juu ya misumari, ikashika wiki mbili, jua likaipasua. Na kwa kuwa nilitaka sababu iwe nyingine, nikavigeukia vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango. Nikasema hivi ndivyo vinavyoingiza maji ya barabarani, nikaviziba kwa nta. Kumbe vitundu vile viliwekwa na watengenezaji ili maji yanayopenya kwenye dirisha yapate pa kutokea. Milango ikajaa. Nikipiga breki, maji yanasikika yakicheza ndani ya bati, na mama yako nyuma ya pazia anasema, "Tumevuka mto gani huo?" Babu yako anakohoa ili asicheke. Huo ndio ulikuwa ukaribu wao, yule kucheka upande huu na yule kukohoa upande ule. Nilivizibua vitundu, lakini misumari niliiacha.

Uchungu wa mdogo wako ulimshika mama yako mwezi wa tatu, mvua ikiwa imefunga siku nzima. Mkunga akaja, akamshika, akasema mtoto amekaa vibaya, mpeleke Mbozi Mission sasa hivi. Shangazi yako alibaki na wewe, ulikuwa na surua. Babu yako akapanda mbele, kwa sababu mto ulikuwa umejaa na ni yeye tu aliyejua kivuko kwa kuangalia mawe. Alituvusha vizuri. Tulipoanza kupanda mlima wa ng'ambo, gari likakohoa mara mbili, likazima.

Nilijua kabla sijafungua chochote. Nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi, koili ilikuwa inachuruzika. Nikafuta kwa shati, nikafuta kwa koti, nikazungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Kila nilipokausha, maji yalishuka mengine. Mvua ilikuwa inapiga paa, na nilikuwa naona kwa macho yale maji yanatembea kwenye ile njia aliyonionyesha.

Kutoka pale hadi misheni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Watu wawili wangeweza kumbeba, mmoja kichwani, mmoja miguuni, hata kwa lile pazia lenyewe kama machela. Tulikuwa wanaume wawili. Babu yako alikuwa mzee, lakini mzee wa milimani, bado anapasua kuni. Alikuwa ameshuka, amesimama kando ya barabara ametugeuzia mgongo, blanketi kichwani. Nilimbeba mama yako peke yangu. Nilikwenda hatua ishirini hivi, nikateleza kwenye tope, tukaanguka wote wawili. Alipiga yowe moja. Babu yako hakugeuka. Nilimrudisha garini, nikamlaza, nikavuta pazia. Nililivuta, Sekela. Hata wakati ule mkono wangu ulijua kulivuta.

Babu yako akasema, bado amenipa mgongo, "Naenda kutafuta watu." Akaondoka mbio kwa kadiri alivyoweza.

Nilikaa mbele. Kwa nini sikukaa nyuma na mama yako nimejiuliza miaka kumi. Nadhani nilikuwa najaribu bado kukausha zile nyaya. Kutoka nyuma akaniuliza, "Wamekuja?" Nikasema, "Bado." Baada ya muda akauliza tena, sauti chini, "Wamekuja?" Nikasema, "Bado." Aliuliza mara nne. Mara ya tano ilikuwa zamu yake kuuliza, nami nikangoja aulize.

Watu wanne walifika na machela, babu yako nyuma yao. Walipolifungua pazia, yeye aligeukia mlimani.

Baada ya kumzika, mdogo wako akiwa bado tumboni mwake, niling'oa misumari yote. Turubai nililishona kwa dakika chache, kiraka cha ukubwa wa kiganja. Gari halikuvuja tena mpaka nilipoliuza, hata tone. Siku ile ya kwanza ya mvua nililala kwenye kiti cha nyuma, juu yangu pakavu kabisa, nikalia mpaka nikatapika.

Babu yako aliishi miaka mitatu mingine, na hatukuwahi kuitaja njia ile. Siku za mwisho wake nilikuwa namlisha uji. Akaushika mkono wangu akasema, "Siku ile ungeniambia nishike miguu, ningeshika." Nikamwambia, "Baba, ningekwambiaje?" Akasema, "Nilikuwa nimesimama pale nangoja uniambie. Mimi singeweza kuanza. Ni mkwe wangu, lakini wewe ndiye mwenye mke." Akafunga macho. Uji ukapoa, nikaumwaga.

Hilo ndilo ninalolijua maishani, mwanangu, na sijui hata lina faida gani. Tulikuwa watatu kwenye gari moja, mmoja alishaniambia akanyamaza, mwingine alingoja nimwambie, na mimi niliyekuwa katikati nilikuwa nafuta waya. Desturi siilaumu. Ningeilaumu ningepumua, lakini naona mzee mwenyewe alikuwa tayari kuivunja, na mama yako alitaka kamba tu. Aliyeishikilia kwa misumari ni mimi, kwa sababu ya sifa moja niliyopewa begani.

Sasa rudi kwenye gari la rangi ya maziwa. Jana, nilipokuwa nimekaa pale kwenye maji, niliinuka nikaenda kuchukua koleo. Nilirudi nikaushika msumari wa kwanza, ule wa upande wa dereva, nikauzungusha. Ulitoka nusu, na kutu yake ikanimwagikia machoni. Kutoka ndani nikasikia baba mkwe wako anacheka na wajomba zako, anasema, "Mkwe wangu atakaa kimalkia." Nikafikiri nitamwelezaje. Nikafikiri ng'ombe, nikafikiri watu watasema mzee wa Mlowo amelivua gari la mgeni pazia la binti yake, na harusi imebakiza siku mbili. Nikafikiri na wewe utakavyoona aibu.

Nikageuza koleo nikaugonga ule msumari urudi.

Basi unaona. Miaka kumi ya majuto, na nilipopewa nafasi ile ile kwa mara ya pili, nimefanya vile vile. Ndiyo maana naandika badala ya kusema, na hata barua hii sitakupa mkononi. Nimeiviringisha kwenye kitambaa na kuiweka chini kabisa ya sanduku lako, utaikuta Tunduma ukitoa vyombo. Kesho utakuwa umeshapanda, na barabara yote mvua ikinyesha nitakuwa nimekaa hapa nasikiliza bati langu.

Ukipata siku, mwambie mumeo Lusajo akae ndani na tochi, wewe umwage maji. Anza chini. Usiamini mahali maji yanapotokea, yafuate nyuma mpaka yanapoingilia. Vitundu vya chini ya milango usimruhusu mtu avizibe. Mkikosa mpira, tyubu kuukuu inatosha. Kitambaa cha dari kibandueni msiogope, hubandikwa tena. Na kwa pazia, kamba kutoka dirisha hadi dirisha inatosha sana. Mama yako aliniambia.

Sina tumaini kubwa kwamba utasema lolote. Nikiwa mkweli naona utakaa nyuma ya pazia lile miguu imelowa, na mtu akiuliza utajibu ni pakavu, kwa sababu umelelewa na mimi. Baba mkwe wako naye pengine anangoja aambiwe. Pengine wote duniani wanangoja. Naumwa moyo, Sekela, na hakuna mpira wa kuuwekea hapo.

Ndani ya kitambaa, pamoja na barua hii, utakuta koleo langu, lile la mpini uliofungwa uzi. Misumari ni minne. Ule wa upande wa dereva sikuugonga mpaka mwisho.

Ni mimi baba yako.